Kutengeneza mvinyo mwekundu kwa njia ya Magill: pipa moja la Shiraz, kutoka shambani hadi chupani

Mwaka 1844 daktari Mwingereza Christopher Rawson Penfold na mkewe Mary walihamia Australia Kusini, wakanunua shamba la ekari 500 huko Magill, chini ya vilima vilivyo mashariki ya Adelaide, na kupanda mizabibu. Mvinyo wao wa kwanza ulikuwa dawa: daktari aliwapa wagonjwa wake waliopungukiwa damu. Leo jina la Penfolds liko kwenye maduka ya mvinyo duniani kote, na Grange, mvinyo wake mkuu, ni miongoni mwa mivinyo ghali zaidi ya Australia.

Watu hupenda kusema siri ni udongo. Lakini shamba la Magill lenyewe limebaki hekta 5 na kidogo, sehemu iliyobaki imejengwa nyumba, na zabibu nyingi za Grange hutoka kwingine, hasa bonde la Barossa. Kilichorithiwa na kukuzwa ni utaratibu wa kazi: kupima, kuandika, na kurudia jambo lile lile mwaka hadi mwaka. Utaratibu huo mtu anaweza kuufuata kwa pipa moja. Vipimo hapa chini ni vya pipa la lita 300, ukubwa wa pipa alilotumia Max Schubert, mtengenezaji mkuu wa mvinyo wa Penfolds, alipotengeneza Grange ya kwanza mwaka 1951.

Vifaa

Zabibu za Shiraz kilo 500. Tangi la wazi la lita 650 hadi 700, la chuma cha pua au plastiki ya chakula, lenye bomba na chujio chini. Mashine ya kutenganisha vikonyo na kupasua zabibu. Kikamulio cha kapu. Pipa jipya la mwaloni wa Marekani la lita 300, na chombo kidogo cha lita 20 hadi 30 cha mvinyo wa kujazia. Hidromita ya Baumé (kipimo cha sukari iliyomo kwenye juisi), kipimajoto kirefu, kipima pH (nguvu ya asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) chenye myeyusho wake wa kusawazishia (pH 4 na pH 7), na mizani inayosoma gramu moja moja. Kama bajeti ni ndogo, punguza kwingine kote lakini usikose kipima pH. Sababu inafuata mbele.

Mizabibu na zabibu

Kama unapanda shamba lako mwenyewe, kata vipandikizi wakati mzabibu umelala, vyenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 30 hadi 40 na macho matatu au manne. Kata sehemu ya chini karibu kabisa na jicho, ya juu sentimita 2 juu ya jicho la mwisho, ili ujue upande upi unaingia ardhini. Vuno la maana huanza mwaka wa tatu.

Australia Kusini ina bahati moja kubwa. Mdudu filoksera, anayeua mizabibu kwa kunyonya mizizi, aligunduliwa karibu na Geelong, Victoria, mwaka 1877. Australia Kusini ikatunga sheria ya kumzuia mwaka 1899, na hadi leo uingizaji wa miche, zabibu na mashine za shambani una masharti makali. Ndiyo maana huko bado kuna mizabibu ya zaidi ya miaka 100 inayosimama kwenye mizizi yake yenyewe. Kwingine popote filoksera alikofika, panda mche uliobebeshwa kwenye shina la mzabibu wa Kimarekani linalomstahimili. Hapo hakuna njia ya mkato.

Kwa ukomavu, usihukumu kwa rangi. Shiraz hubadilika rangi wiki nyingi kabla haijaiva. Chuma punje 200, nusu upande wa jua na nusu upande wa kivuli, toka katikati ya safu na si miisho tu, ziponde, chuja, pima. Schubert alitaka sukari isipungue Baumé 11.5, na hasa ifike 12, na asidi isipungue gramu 6.5 hadi 7 kwa lita. Baumé moja hutoa karibu asilimia moja ya pombe, kwa hiyo hesabu ni rahisi. Siku hizi Shiraz nyingi huvunwa kwenye 13 hadi 14. Kadiri unavyosubiri, sukari hupanda na asidi hushuka. Anayesubiri ladha iive zaidi atalazimika kuirudisha asidi kwa mkono. Tafuna mbegu pia: ikiwa ya kijani na chungu, subiri, ikiwa ya kahawia na inavunjika kama njugu, vuna. Vuna asubuhi na mapema, zabibu zikiwa baridi.

Kupasua, salfa na pH

Pasua punje bila kusaga mbegu. Mbegu iliyovunjika hutoa uchungu usioondoka. Vikonyo vyote vitolewe. Mara moja nyunyiza metabisalfaiti ya potasiamu gramu 44 iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo, ikigawanywa wakati zabibu zinaingia tangini. Poda hiyo ina dioksidi ya salfa asilimia 57 hivi, kwa hiyo gramu 44 kwa kilo 500 ni miligramu 50 kwa kila kilo. Ifungulie mahali penye hewa. Moshi wake hubana kifua, na mwenye pumu asiishike kabisa.

Sasa pima pH, na hapa ndipo historia ya Penfolds inageuka. Mwaka 1935 kampuni ilimwajiri mkemia kijana, Ray Beckwith. Wakati huo mvinyo mwingi wa Australia, hasa ule mtamu ulioongezewa pombe kali, uliharibiwa na bakteria ukiwa kwenye mapipa au safarini, na watengenezaji walikubali hasara hiyo kama sehemu ya biashara. Beckwith alionyesha kwamba pH ndiyo inayoamua kama bakteria watastawi, na kwamba kuishusha kwa asidi ya tatariki kunazuia hasara. Grange imepata sifa zote, lakini kazi ya Beckwith ina uzito zaidi: bila mvinyo unaofika salama ng'ambo ya bahari, hakuna jina la kimataifa.

Hesabu yake ndiyo hii. Katika salfa huru (ile isiyofungwa na vitu vingine) iliyomo kwenye mvinyo, ni sehemu ndogo tu inayoua vijidudu. Kwenye pH 3.5 sehemu hiyo ni kama asilimia 2. Kwenye pH 3.8 ni asilimia 1 tu. Ukitaka kinga ya miligramu 0.5 kwa lita, pH 3.5 inahitaji salfa huru miligramu 25, na pH 3.8 inahitaji 50. Tofauti ya 0.3 inakulazimisha kuongeza salfa maradufu.

Lenga 3.45 hadi 3.55. Chuja lita moja ya mchuzi, yaani juisi ya zabibu zilizopasuliwa, weka gramu 1 ya asidi ya tatariki, koroga, pima, ongeza nyingine. Kwa kawaida gramu 1 kwa lita hushusha pH kwa kama 0.1, ila mchuzi wenye potasiamu nyingi hukaidi. Ukipata kiwango, zidisha kwa lita 350, ambazo ndizo kilo 500 zitakazotoa. Fanya hivi kabla ya kuchachua: asidi iliyoongezwa mapema huungana na ladha, iliyoongezwa mwishoni hukaa pembeni na kukwaruza ulimi. Tumia tatariki, si sitriki. Bakteria huweza kuila sitriki na kuacha ladha ya siki.

Chachu na mbao za kuzamisha maganda

Chachu kavu gramu 120. Iloweshe kwenye maji safi lita 1.2 yenye joto la nyuzi 38 hadi 40, iache dakika 15 hadi 20, kisha ipoze polepole kwa kuiongezea mchuzi kidogo kidogo mpaka tofauti yake na tangi isizidi nyuzi 10. Ukiimwaga ya moto kwenye mchuzi baridi, sehemu kubwa hufa, na uchachukaji hukwama siku ya nane huku wewe ukitafuta kosa kwingine.

Chakula cha chachu: daiamonia fosfeti gramu 45 baada ya siku mbili, gramu 45 nyingine sukari ikishuka theluthi. Harufu ya yai bovu ni kilio cha chachu yenye njaa ya naitrojeni. Chukua hatua siku hiyo hiyo, kwa chakula na kwa kuupitisha mchuzi hewani. Ukichelewa, harufu hiyo hugeuka kuwa ya kitunguu na mpira ulioungua, na hiyo haiondoki kwa hewa.

Gesi ya kaboni dioksidi huyasukuma maganda juu, yakaunda kofia ngumu, ya moto na kavu. Kofia ikiachwa hewani huanza kunuka siki. Wengine huizamisha kwa mti mara tatu kwa siku. Njia ya Magill ni nyingine: mbao huwekwa ndani ya tangi, chini ya mdomo wake, ili maganda yabaki yamezama muda wote na mchuzi peke yake upande juu.

Kuzipanga mbao kunahitaji uangalifu. Tumia mbao ngumu zisizo na rangi, gundi wala utomvu, unene wa sentimita 3 hivi. Zilaze kukingama tangi, ukiacha nafasi ya milimita 5 hadi 8 kati ya moja na nyingine: nafasi ikizidi, maganda hupenya, ikipungua, gesi hujikusanya chini na kuinua kila kitu. Juu yake pitisha boriti moja na uikaze kwa kabari kwenye kingo za tangi. Usitegemee mawe ya kukandamizia. Siku ya tatu msukumo wa gesi na maganda ya kilo 500 una nguvu ya kumshangaza yeyote. Mchuzi ufunike mbao kwa sentimita 10 hadi 15.

Ndani ya tangi vitu vinatulia, kwa hiyo kila siku toa mchuzi kwa bomba la chini, lita 100 hadi 150, uupime joto, kisha urudishe juu ya mbao kwa kuumwaga taratibu. Hapo ndipo rangi na tanini (kile kinachokausha mdomo) hutoka kwenye maganda, na hapo ndipo unapoweza kutawala joto.

Mlango na madirisha yawe wazi wakati wote huo. Kila lita ya mchuzi hutoa zaidi ya lita 50 za gesi, nayo hutanda chini, bila rangi wala harufu. Usiinamishe kichwa ndani ya tangi, na kamwe usiingie peke yako kulisafisha.

Grafu ya siku kumi na mbili

Jambo hili Schubert alilisimamia kuliko mengine yote. Alikuwa ametoka Ulaya, ambako huko Bordeaux aliona mivinyo ya miaka 40 na 50 ikiwa bado hai, akataka Australia iwe na wa kwake wa aina hiyo. Lakini joto la Australia hufanya mchuzi uchachuke kwa siku tatu nne ukiachwa, na maganda hayapati muda wa kutoa kilichomo. Akachora kwenye karatasi mstari wa sukari inavyotakiwa kushuka kila siku, akautumia ubaridi na joto kuulazimisha mchuzi uufuate mstari huo kwa siku 12.

Chora wako. Mlalo ni siku, wima ni Baumé. Siku moja au mbili za kwanza hakuna kinachoshuka. Baada ya hapo mstari uteremke Baumé 1 kwa siku. Pima asubuhi na jioni, baada ya kutoa mchuzi, na usawazishe kipimo kwa joto kwa sababu hidromita nyingi zimewekwa kwa nyuzi 20. Mstari wako halisi ukiwa chini ya uliochorwa, poza. Ukiwa juu, pasha. Kati ya nyuzi 18 na 24 ndimo utakamofanya kazi muda mwingi. Ukifika 30 uko hatarini: chachu huchoka, na harufu ya matunda huondoka na gesi.

Kupoza bila mtambo: kilo 5 hadi 6 za barafu hushusha tangi la ukubwa huu nyuzi 1. Barafu iwe ndani ya chupa za plastiki zilizofungwa na kusafishwa nje, ukizizamisha kwenye mchuzi uliotolewa kabla ya kuurudisha. Kupasha hufanywa hivyo hivyo, kwa chupa za maji ya moto. Usibadilishe joto zaidi ya nyuzi 3 kwa mpigo mmoja.

Kukamua na kuingia kwenye pipa kabla haujaisha

Sukari ikifika Baumé 2 hivi, toa mchuzi. Usisubiri ikauke. Katika ile Grange ya 1951 mchuzi ulitenganishwa na maganda ukiwa bado unachachuka, ukamalizia ndani ya mapipa matano mapya ya mwaloni ambayo hayakuwa yametumika. Sehemu nyingine iliwekwa kwenye pipa kubwa kuukuu kwa ajili ya kulinganisha. Mvinyo unaomalizia uchachukaji kwenye mbao mpya humeza ladha ya mbao badala ya kuivaa juu, na hilo hutambulika mdomoni hata kwa asiye mtaalamu.

Siku iliyotangulia mwaga maji ya moto lita 20 kwenye pipa, lizungushe, lisimamishe kila upande dakika 15, angalia linapovuja. Mwaga maji yote. Liache lidondoke mpaka likauke ndani.

Kamua maganda polepole, ukipumzika kila shinikizo linapoongezeka. Onja kila lita kumi: mchuzi wa kikamulio unapoanza kukausha fizi, tenga unaofuata. Usiutupe, utakufaa wakati wa kuchanganya. Jaza pipa hadi lita 270, povu lina nafasi yake, na funga kwa kizibo chenye mkondo wa kutolea gesi. Chumba kiwe nyuzi 20 hivi. Kosa la kawaida hapa ni pipa kupoa usiku na uchachukaji kusimama kwenye Baumé 0.5, blanketi na hita ndogo ya chumba hutatua.

Ukishuka chini ya Baumé sifuri na kubaki palepale siku tatu, pima sukari: chini ya gramu 2 kwa lita ndiyo mwisho. Jaza pipa hadi mdomo. Unafuata uchachukaji wa pili, wa bakteria wanaogeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, wiki tatu hadi nane. Usiongeze salfa kabla haujaisha, la sivyo utaumalizia kwenye chupa, na chupa zitatoa gesi. Ukithibitishwa kuisha, hamisha mvinyo kutoka kwenye mashapo, osha pipa, urudishe, na uweke metabisalfaiti gramu 26, sawa na miligramu 50 za salfa kwa lita. Sehemu yake hufungwa. Baada ya wiki pima salfa huru na irekebishe ifike 25 hadi 30.

Miezi kumi na minane

Pipa hunywa. Tegemea kupoteza nusu lita hadi lita moja kwa mwezi, na jaza kila wiki mwanzoni, kisha kila wiki mbili. Pengo la hewa ndilo linaloleta bakteria wa siki, na mvinyo ulioshika siki hauna dawa. Hamisha kila miezi mitatu au minne mwaka wa kwanza, pima pH na salfa kila mwezi, na andika kila kipimo kwenye daftari la pipa.

Mwaloni mpya wa Marekani hupiga harufu ya vanila na nazi kwa nguvu. Shiraz dhaifu itafunikwa kabisa. Zabibu zisipokuwa na uzito, tumia pipa kuukuu na uridhike. Penfolds yenyewe ilikuwa na St Henri, iliyotengenezwa na John Davoren miaka ya 1950, isiyotegemea mbao mpya, nayo inaheshimika.

Usishangae ukionja miezi sita na kukuta mvinyo mgumu usioelewana. Wakurugenzi wa Penfolds walionja Grange za mwanzo na kuzichukia. Mwaka 1957 walimwamuru Schubert aache. Aliendelea kwa siri mavuno ya 1957, 1958 na 1959, bila pesa za mapipa mapya, akisaidiwa na Jeffrey Penfold Hyland. Chupa za mwanzo zilipokomaa, wakurugenzi haohao waliagiza kazi ianze tena mwaka 1960. Mvinyo wa mavuno ya 1955 ukaja kushinda medali za dhahabu zaidi ya 50.

Kuchanganya na kuandika lebo

Kabla ya chupa, jaribu kurudisha mvinyo wa kikamulio: glasi nne za mililita 100, zenye asilimia 0, 3, 6 na 9. Zionje bila kujua ipi ni ipi, leo na tena kesho yake. Penfolds ilijenga jina lake kwa kuchanganya mashamba na maeneo ili ladha ifanane kila mwaka; namba zake za Bin zilianza kama majina ya vyumba vya kuhifadhia chupa, na Grange ni Bin 95.

Australia ukitaja kwenye lebo aina moja ya zabibu, eneo moja au mwaka mmoja wa mavuno, angalau asilimia 85 ya mvinyo lazima itoke humo, na daftari liweze kuthibitisha. Kwa hiyo kila lita iliyoongezwa iandikwe siku ile ile.

Jaza chupa siku tulivu, salfa huru ikiwa 30. Pipa litatoa chupa 380 hivi. Koki ikishapigwa, simamisha chupa siku moja, kisha zilaze kwenye nyuzi 13 hadi 15, mbali na mwanga. Kila baada ya miaka michache angalia usawa wa mvinyo shingoni. Ukishuka hadi begani, koki imechoka. Tangu 1991 Penfolds huendesha kliniki za chupa zilizofikisha miaka 15: hufunguliwa, huonjwa, hujaziwa kwa mvinyo mchanga wa jina hilohilo na kupigwa koki mpya kama bado ni nzima. Kwako, fungua, onja mililita 15, na kama ni mzima jazia kutoka kwenye chupa ya ndugu yake wa pipa lile lile, kisha piga koki mpya dakika hiyo hiyo.